Masikio yanapovuma: Ujumbe ambao mgonjwa wa muda mrefu hapaswi kuuficha

Na Mwandishi Wetu, Tabora

ZAIDI ya miaka 150 iliyopita, wageni waliougua homa katika njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji walikunywa kwinini huku wakingojea ishara moja. Masikio yakianza kuvuma, walijua kwamba dawa imefika kiwango chake.

Nyakati zimebadilika na dawa zimebadilika, lakini fikra hiyo haijatoweka. Wapo wagonjwa wanaosikia mlio masikioni wakiwa katika tiba ya kifua kikuu, presha au malaria, wakajifariji kwamba dawa imekolea, wakanyamaza.

Wapo pia wanaofanya kinyume chake. Mlio ukiwazidi wanaitupa dawa, wasirudi kliniki.

Njia zote mbili zina hatari. Anayenyamaza anaweza kupoteza usikivu ambao hautarudi tena. Anayeacha dawa anaweza kupoteza maisha. Makala haya yanaeleza mlio huo ni nini, kwa nini huwaandama wenye maradhi ya muda mrefu, na namna ya kuishi nao pasipo kutupa tiba.

Mlio usio na mpigaji

Madaktari huuita tinitasi. Ni sauti anayoisikia mtu sikioni au kichwani ilhali nje hakuna kitu kinachoitoa. Mmoja husikia kama nyenje wa usiku, mwingine kama mvuke unaofoka, mwingine kama filimbi au mvumo wa mashine ya kusaga iliyo mbali.

Mlio wenyewe si ugonjwa, bali ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Chanzo chake kinaweza kuwa kidogo, mfano nta iliyoziba sikio, au kikubwa, kama vile mshipa wa damu wenye hitilafu.

Tatizo hili si la wachache. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la JAMA Neurology ulikadiria kuwa asilimia 14 hivi ya watu wazima duniani hupatwa na mlio huo, na takriban asilimia 2 huupata kwa ukali.

Ili kuelewa unavyotokea, ni vyema kujua sikio linavyofanya kazi. Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu iliyojizungusha mfano wa nyumba ya konokono. Humo mna seli ndogo zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa inayokwenda kwenye ubongo.

Seli hizo zikifa haziotei tena. Binadamu huzaliwa na akiba yake, naye huitumia hadi mwisho wa uhai.

Zinapopungua, taarifa zinazofika kwenye ubongo hupungua vilevile. Ubongo nao hujaribu kufidia. Hufanya kama mtu anayetafuta stesheni ya mbali kwenye redio: sauti ikiwa hafifu huongeza nguvu ya spika, na anachoambulia ni mkwaruzo. Mkwaruzo huo ndio mlio anaousikia mgonjwa.

Kwinini na njia ya misafara

Tabora ina sababu ya kuifahamu habari hii kuliko miji mingi. Katika karne ya 19 mji huu, ambao wageni waliuandika kwa jina la Kaze, ulikuwa kituo kikuu cha misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita na mizigo ya takriban kilo 30 kila mmoja, wakipanda na kushuka kati ya pwani na Ziwa Tanganyika. Homa ilisafiri nao.

David Livingstone, ambaye alikaa Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora, kuanzia Februari hadi Agosti 1872, alikuwa daktari. Katika kitabu chake cha safari za Zambezi kilichotoka mwaka 1865 alieleza namna ya kutibu homa: kwanza vidonge vya kusafisha tumbo, kisha kwinini kila baada ya saa chache hadi masikio yalie au yazibe.

Kwake yeye, kuziba kwa masikio kulikuwa sehemu ya tiba. Hakuwa na maabara wala kipimo cha dawa ndani ya damu, hivyo sikio la mgonjwa ndilo lililokuwa mizani.

Mizani hiyo haikuwa ya kubuni. Kwinini inapojaa mwilini huleta mlio, kupungua kwa usikivu, kichwa kuuma na kichefuchefu. Kwa kawaida hali hiyo huondoka dozi inapokwisha, na ndiyo maana watu wengi waliowahi kutundikiwa dripu ya kwinini huikumbuka kama adha ya siku chache tu.

Malaria bado ipo Tabora. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoa huu uliongoza nchini kwa maambukizi kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, ukiwa na asilimia 23, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8.

Tiba, hata hivyo, si ile ya zamani. Dawa mseto ilianza kutumika nchini mwishoni mwa mwaka 2006 kwa malaria isiyo kali. Kwa malaria kali, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza sindano ya atesuneti badala ya kwinini, kwanza kwa watu wazima mwaka 2006 na kisha kwa watoto mwaka 2011. Kwinini imebaki dawa ya akiba.

Tatizo ni kwamba watu waliyachukua mazoea ya kwinini wakayapeleka kwenye dawa nyingine. Zipo dawa ambazo mlio wake si wa kupita, bali ni kengele ya hatari.

Sindano za kifua kikuu

Tanzania ina jina kubwa katika historia ya tiba ya kifua kikuu. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na kazi iliyofanyika nchini kwa msaada wa Dk. Karel Styblo ilikuja kuwa msingi wa mkakati ambao WHO iliueneza duniani katika miaka ya 1990.

Katika tiba hiyo fupi, sindano ya streptomaisini ilikuwa miongoni mwa dawa za miezi miwili ya mwanzo. Iliokoa watu wengi. Lakini streptomaisini ni ya jamii ya dawa zinazoweza kudhuru sikio la ndani, hususan sehemu inayotunza mizani ya mwili. Baadhi ya waliodungwa walibaki na kizunguzungu, na wengine na mlio.

Baadaye wagonjwa wapya waliacha kupewa sindano hiyo. Wale wanaorudia tiba waliendelea nayo kwa muda mrefu zaidi, hadi WHO ilipopendekeza mwaka 2017 kwamba utaratibu huo usitumike tena.

Uzito zaidi ulikuwa kwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu. Matibabu yao yalianza nchini mwaka 2009 katika Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, mkoani Kilimanjaro. Katika miaka ya mwanzo wagonjwa walipelekwa huko kutoka mikoa mbalimbali, mbali na nyumbani, na tiba yao ilikuwa na sindano ya kila siku kwa miezi kadhaa.

Dawa moja iliyotumika sana, kanamaisini, huua seli za usikivu. Huanza na zile zinazopokea sauti nyembamba za juu, ambazo si muhimu sana katika mazungumzo ya kawaida. Kwa hiyo mgonjwa huendelea kuongea na watu na kudhani kuwa yu salama, huku uharibifu ukisogea taratibu.

Mara nyingi mlio ndio dalili ya kwanza anayoweza kuitambua mwenyewe. Akisema mapema, daktari anaweza kupima usikivu, kupunguza dozi au kubadili dawa. Akikaa kimya hadi ashindwe kusikia sauti za watoto wake, muda umeshapita.

Mwaka 2018 WHO ilitangaza kuwa kanamaisini iondolewe katika tiba ya kifua kikuu sugu. Mwaka 2022 ikapendekeza tiba ya vidonge pekee ya miezi 6 kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo. Tanzania nayo imehamia kwenye vidonge.

Haya ni mafanikio makubwa, lakini hayawarudishii usikivu waliotibiwa zamani. Aidha, dawa za jamii ileile, kama vile jentamaisini na amikasini, bado zinatumika hospitalini kwa maambukizi makali, kwa kuwa huokoa maisha. Kinachotakiwa ni kuzitumia kwa kipimo na kwa uangalizi.

Hatari huongezeka kwa mwenye figo dhaifu, kwa sababu dawa hukaa mwilini muda mrefu. Huongezeka pia kwa watu waliorithi kutoka kwa mama mabadiliko fulani ya vinasaba, ambao hata sindano chache zinaweza kuwaziba masikio kabisa. Kama katika ukoo wa upande wa mama wapo walioacha kusikia baada ya kudungwa sindano, ni lazima daktari aambiwe kabla ya tiba kuanza.

Presha, kisukari na selimundu

Si dawa peke yake. Maradhi yenyewe nayo hufika sikioni.

Sikio la ndani hulishwa na mshipa mwembamba wa damu usio na mbadala. Kisukari kinapoharibu mishipa midogo ya macho, figo na miguu, kinaweza kuiharibu na ya sikio. Presha ya muda mrefu hufanya vivyo hivyo.

Selimundu ina njia yake. Chembe nyekundu za damu zinapojikunja huziba vijia vyembamba, na seli za usikivu hukosa hewa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, hivyo mzazi anayeona mtoto wake haitiki akiitwa asikimbilie kumwita mkaidi.

Kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi, kinga ikishuka masikio huweza kushambuliwa na maambukizi yanayotoa usaha. Kwa mwenye figo dhaifu, dawa za kupunguza maji mwilini kwa dozi kubwa zinaweza kuleta mlio. Hata aspirini, ikimezwa kwa wingi, huleta mlio ambao kwa kawaida hukoma dozi ikipunguzwa.

Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na mambo hayo mawili au matatu kwa pamoja. Anatibiwa kisukari huku, presha kule, na dawa za maumivu amenunua dukani. Hakuna mhudumu anayeona picha nzima, ila mgonjwa mwenyewe.

Usiache dawa, usinyamaze

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Mgonjwa asijikatie hukumu mwenyewe.

Anayeacha dawa za kifua kikuu katikati hujenga vimelea sugu, akavieneza kwa walio nyumbani. Anayeacha dawa za presha hujiweka katika hatari ya kiharusi. Mlio ni mzigo, lakini haulingani na hayo.

Hatua ya kwanza ni kwenda pale anapochukulia dawa na kusema waziwazi. Isingojewe tarehe ya kliniki kama mlio umeanza baada ya sindano.

Ni vizuri aandike katika daftari lake la kliniki mambo haya: mlio ulianza lini, uko sikio moja au yote mawili, unakwenda mfululizo au unadunda pamoja na moyo, kuna kizunguzungu, maumivu au usaha, na majina ya dawa zote anazotumia, zikiwamo za miti shamba na zile za dukani.

Mhudumu atachungulia sikio kwanza. Pengine ni nta tu, ambayo huondolewa kwa dakika chache. Pengine kiwango cha damu kimeshuka, au presha imepanda. Ikihitajika, mgonjwa atapewa rufaa, kutoka zahanati au kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, na hata Bugando jijini Mwanza au Muhimbili jijini Dar es Salaam.

Zipo dalili zisizongoja. Usikivu ukipotea ghafla, hata wa sikio moja, mgonjwa awahi hospitali siku hiyohiyo, kwani tiba hufaa zaidi katika siku za mwanzo. Vivyo hivyo mlio ukija pamoja na uso kupinda, kupooza upande mmoja au kizunguzungu kikali. Mlio wa sikio moja tu, na ule unaodunda na moyo, nao unataka uchunguzi.

Kisu cha Speke

Wakati wa kungojea huduma, watu wengi hujaribu mambo yao. Wengine huingiza njiti ya kiberiti, wengine mafuta ya moto, wengine mafuta ya taa.

Njia ya misafara ina kisa cha kufundisha kuhusu hilo. Machi 1858 John Hanning Speke, aliyefika Ujiji pamoja na Richard Burton, alikuwa akivuka Ziwa Tanganyika kutafuta dau. Usiku mdudu aliingia sikioni mwake na kuanza kumtafuna. Speke alimimina siagi iliyoyeyushwa, isisaidie, akaingiza kisu kidogo.

Mdudu alikufa, lakini sikio liliumia. Lilifanya jipu, uso ukavimba, na Speke akakaa miezi mingi asisikie vizuri kwa upande huo. Aliandika kuwa kila alipopenga kamasi sikio lilipiga filimbi, hata waliokuwa karibu wakacheka.

Speke hakuwa na zahanati ya kukimbilia. Wa leo anayo. Mdudu akiingia, au sikio likivuma, kisiingizwe kitu chochote. Hata dawa za matone zisinunuliwe bila kuchunguzwa, kwani baadhi yake zinaweza kudhuru sikio la ndani endapo ngoma ya sikio imetoboka.

Kuishi na mlio

Inapothibitika kuwa seli zimekufa, ukweli usemwe. Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuuondoa mlio huo moja kwa moja. Anayeuza chupa ya kuumaliza kwa siku tatu anauza maneno.

Lakini kukosa dawa si kukosa msaada. Wagonjwa wengi, baada ya miezi, hufika mahali ambapo mlio upo lakini hauwatawali.

Kwanza, ukimya si rafiki. Usiku wa kijijini unapotulia, mlio huonekana kupanda. Redio iliyopunguzwa sauti, feni, au sauti yoyote laini huupa ubongo kitu kingine cha kushughulika nacho.

Pili, kwa aliyepungukiwa usikivu, kifaa cha kuongeza usikivu humsaidia kwa mambo mawili: husikia wenzake, na mara nyingi mlio hupungua kwa sababu ubongo umepata taarifa ulizozikosa. Kwa walioziwika kabisa, Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio.

Tatu, hofu huukuza mlio, na mlio huikuza hofu. Tiba ya mazungumzo, inayomfundisha mgonjwa kubadili namna anavyouwaza mlio, ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko nyingine katika kupunguza mateso yake. Mgonjwa anayekosa usingizi au kukata tamaa ya kuishi amwambie mhudumu bila haya, kwani huo nao ni ugonjwa unaotibika.

Nne, akiba iliyobaki ilindwe. Anayefanya kazi kwenye mashine ya kusaga, karakana ya kuchomelea au ukumbi wa muziki azibe masikio kwa vizibo. Sigara ipunguzwe hadi iachwe. Katika mkoa unaolima tumbaku, hilo ni gumu kusikika lakini ni kweli.

Tano, maradhi ya msingi yasimamiwe. Sukari na presha zikidhibitiwa, sikio nalo hupata nafuu ya kutoharibika zaidi.

Mzee asiyeitikia shikamoo

Mlio hausikiki na mwingine. Hilo ndilo linaloufanya kuwa mpweke. Mgonjwa wa mguu huonekana akichechemea, lakini mwenye mlio huonekana mzima.

Matokeo yake ni kudhaniwa vibaya. Mzee haitikii shikamoo, watu wanasema ana kiburi. Mama anajitenga na mazungumzo ya harusini kwa sababu kelele zinamchanganya, wanasema anaringa. Mwingine akisema anasikia sauti, anaambiwa amerogwa au ana mashetani.

Jamaa wanaweza kusaidia kwa mambo madogo: kumkabili mgonjwa usoni wakati wa kuzungumza, kusema mmoja mmoja, kupunguza redio wakati wa maongezi, na kumsindikiza kliniki ili asipitwe na maelekezo.

Tabora si mgeni wa jambo hili. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa mjini hapa mwaka 1963. Mji uliowafungulia mlango watoto wasiosikia unaweza pia kuwasikiliza watu wazima ambao masikio yao hayapumziki.

Kila Machi 3 dunia huadhimisha siku ya usikivu. Hata hivyo, mgonjwa wa presha, kisukari au kifua kikuu hana haja ya kuisubiri siku hiyo. Kliniki yake ijayo inatosha, naye akiulizwa hali asijibu "salama" kwa mazoea. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.